Maman Gardienne wa Ukumbi wa Barafu

Wageni walioingia ukumbini kwetu kwa mara ya kwanza, wakamkuta mama mmoja mnene wa Kikongo amesimama karibu na mlango, skafu juu ya skafu shingoni na kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, walimpa tiketi zao azichane. Naye alizichana. Aliwaonyesha ngazi, akawashauri wakae upande wa kushoto kwa sababu upande wa kulia paa lilikuwa linavuja, akawatakia jioni njema. Baadaye taa za viti zilipopunguzwa na barafu ikabaki inang'aa peke yake katikati, watu walewale walimwona mchanaji tiketi wao akitokea kwenye lango la wachezaji, pedi nene kama magodoro zimefungwa miguuni, kofia yenye wavu wa chuma imekaa kichwani, anateleza polepole kwenda kusimama golini. Nimewahi kumsikia bwana mmoja akimuuliza mkewe, "Kwani si huyu aliyetupokea?" Mkewe alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Jina lake nalijua, lakini mle ukumbini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Maman Gardienne. Kwa Kifaransa neno hilo humfaa mtu anayelinda jengo, na humfaa vilevile mtu anayelinda goli. Kazi yake ilikuwa hiyo ya pili. Ile ya kwanza hakuna aliyempa, aliichukua mwenyewe.

Mimi nilimfahamu kwanza kwenye ngazi. Tulikaa jengo moja pale Etterbeek, jijini Brussels, yeye chini, mimi juu yake. Nilikuwa nimemaliza masomo na kupata kazi kwenye duka la dawa, na jioni moja nilikuwa napanda ngazi huku naongea na mama yangu kwa simu, Kigoma. Mlango ukafunguliwa ghafla.

"Ni nani anasema Kiswahili ya radio humu ndani?"

Nikajitambulisha. Akacheka, akanivuta ndani kabla sijaaga simu, akaniwekea sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Kigoma, kana kwamba mji mzima umehamia ghorofa ya pili.

Jambo la kwanza lililonishangaza kwake ni kwamba alikuwa anaichukia baridi. Hakuizoea kamwe. Mwezi wa kumi ukiingia alianza kuilalamikia Ubelgiji kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kwenda kununua mkate tu alivaa kana kwamba anavuka mlima. Theluji ikianguka alipiga simu kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akihudumia, akauliza kama kweli ni lazima. Kisha Alhamisi jioni na Jumamosi mchana alibeba begi kubwa kuliko yeye, begi ambalo hakuruhusu mtu yeyote amsaidie kulibeba, akaenda kusimama juu ya barafu kwa hiari yake.

Nilipomuuliza, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto, kwa Kiswahili cha kwao ambacho njo ni ndio na glace ni barafu.

"Baridi ya inje inakufwata. Unakimbia, inakufwata. Ile ya kwa glace, mi mwenyewe njo ninaenda kuitafuta. Si sawa, Kigoma. Hapana sawa hata kidogo."

Alikuwa amekuja Brussels kutoka Bukavu, akiikimbia vita, na kuhusu hilo alizungumza mara chache na kwa maneno machache. Kuhusu ukumbi alizungumza kama mtu anayesimulia ukoo wake. Alikuwa na desturi ya kumzungusha kila mgeni mle ndani, akigusa kuta. Hapa palikuwa na jukwaa la bendi. Hapa mabwana walitundika kofia zao. Juu pale, na alikuwa akisimama kukutazamisha mpaka shingo iume, zile mbao za paa zilizopinda kama mbavu za ng'ombe zilipandishwa kwa kamba na watu, kabla mashine za kunyanyulia hazijawa kitu cha kawaida. Tajiri mmoja wa bia aliujenga ukumbi huo kabla ya vita kuu ya pili, kwa sababu alipenda hoki ya barafu na hakutaka kungoja mabwawa yagande.

Haya yote hakuyasoma. Aliyapata kwa bibi mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akimhudumia kwenye nyumba ya wazee. Bibi huyo alikuwa amesahau mambo mengi, hata majina ya wanawe, lakini kila siku aliomba apelekwe "kwenye barafu". Wahudumu wengine walimtuliza kwa chai. Maman aliuliza barafu gani. Alipojua kwamba ukumbi bado upo, tena vituo vichache tu vya tramu kutoka pale, aliomba ruhusa, akamfunika bibi kwa mablanketi, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni mwa uwanja.

Aliniambia kwamba bibi alipoisikia ile sauti ya chuma cha viatu kikikata barafu, alianza kuongea, na hakunyamaza mpaka ukumbi ulipofungwa. Alisimulia alivyofundishwa kuteleza na baba yake. Alisimulia mashabiki waliojaa mpaka wakakaa kwenye ngazi, moshi wa sigara ukitanda chini ya taa. Alisimulia wakati wa vita, mashine zilipozimwa, barafu ikawa maji, na pale walipokuwa wakicheza pakawekwa makaa ya mawe. Kisha, mabomu yalipoanza kuanguka, wakalazwa watu waliopoteza nyumba zao. Bibi mwenyewe alilala pale majira ya baridi, akiwa binti, kwenye godoro lililowekwa juu ya saruji ya uwanja aliokuwa akichezea.

"Mi nikamutazama," Maman alisema, "nikasema, eh, kumbe huyu naye alikuwa réfugiée, mukimbizi. Ndani ya muji yake mwenyewe."

Walienda tena na tena. Siku moja timu ya wanawake ilikuwa ikifanya mazoezi bila mlinda mlango, maana aliyekuwepo alikuwa amehamia mji mwingine. Bibi akainua kidole, akamwonyesha Maman goli tupu, akamwambia, "Nenda wewe. Una umbo la kuliziba." Maman alikuwa amepita miaka thelathini na mitano na hajawahi kuvaa viatu vya barafu maishani. Alidhani ni utani wa mzee. Lakini wanawake wale walicheka, wakamletea viatu, na bibi alikuwa anatazama. Akavaa.

Alianguka. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia maanguko yake kwa furaha kuliko ushindi wake wowote. Alianguka mbele, nyuma, ubavu. Alianguka akiwa amesimama tu bila kuguswa. Alianguka akamwangusha kocha. Lakini palet, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo, kilipokuja upande wake, alikizuia. Alikizuia kwa goti, kwa kiwiko, mara moja kwa kichwa. Baadaye alipata msemo wake uliokuja kubandikwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, umeandikwa kwa wino mwekundu na msichana mmoja Mflamandi asiyejua maana ya neno hata moja: *Kuanguka ni bure. Kusimama njo kazi.*

Nilikwenda kumtazama kwa udadisi, nikabaki kwa miaka. Sijui hoki. Mpaka leo sheria zake zinanichanganya. Lakini najua nilichokiona. Kile kisahani huja kwa kasi ambayo jicho halikifuati. Unasikia mlio wa gongo, kisha mlio mwingine, na kati ya milio hiyo miwili hakuna kitu ulichokiona. Yule mama aliyekuwa akishika ukuta kupanda ngazi zetu, aliyekuwa akiniomba nimfungulie chupa ya maji, alikuwa tayari yupo pale kitakapofika. Hakurukaruka kama walinda mlango wengine. Alijisogeza kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisani, na palet ikawa kifuani kwake. Kila mara vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Sikuwahi kuzoea.

Kanisani hawakulipenda jambo hilo. Maman alisali kwenye kanisa la Wakongo pale Saint-Josse, chumba kirefu juu ya duka la vitambaa, na pasta alimwita akamuuliza kama inafaa mama mzima, mjane, kuvaa suruali na kuficha uso na kupigwa vyuma mbele ya watu. Maman alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pasta, Bwana alitembea juu ya maji. Mi ninatembea juu ya maji ya kuganda tu. Niachie hata hiyo ya kidogo." Pasta alitaka kukasirika, akashindwa.

Yakaja mabomba ya lile duka yakapasuka, chumba cha kanisa kikaharibika, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Maman alikwenda kuzungumza na mkurugenzi wa ukumbi, mtu mpole aliyekuwa akimwogopa kidogo. Ikakubaliwa. Zilikuwepo mbao za kufunika barafu, zilizotumika zamani kwa ngumi na dansi. Wakazitandaza, wakapanga viti juu yake, na asubuhi ya Pasaka waumini wa Saint-Josse wakaingia na vitenge vyao na viatu vyao vyembamba vya sherehe.

Nilikuwepo. Baridi ilipanda kupitia mbao, ikaingia kwenye nyayo, ikapanda magotini. Wamama walianza kusogeza miguu. Kwaya ilipoanza kuimba, watu hawakungoja kualikwa. Waliruka, wote, wazee kwa vijana, kwa sababu asiyeruka angeganda. Mvuke ukatoka vinywani mwao ukapanda pamoja na wimbo mpaka kwenye zile mbavu za mbao. Mahubiri ya pasta yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na wengi walisema ndiyo yaliyokuwa bora. Maman alikuwa amesimama nyuma, analia waziwazi bila kujifuta. Nilimuuliza kulikoni.

"Ona vile inajaa," alisema. "Ona, Kigoma. Bibi alisema zamani ilikuwa inajaa hivi."

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi. Habari za jengo letu lote zilipita jikoni kwake, na zilitoka zimenenepa. Alikuwa anaogopa mbwa, hata vile vidogo vya kubebwa mkobani, na akikutana navyo njiani alivuka barabara akivitukana kwa Kishi, lugha ya kwao. Na huyo aliyewahubiria wasichana wa timu kusameheana kila Alhamisi, yeye mwenyewe alisamehe kwa kujivuta.

Kulikuwa na bwana mmoja, mzazi wa mchezaji wa timu ngeni, ambaye kwenye mechi moja alimtolea sauti za mnyama kutoka kwenye viti. Maman aliinua wavu wa kofia yake, akamtazama. Alimtazama tu mpaka watu waliokuwa karibu na bwana yule wakaanza kusogea mbali naye. Msimu uliofuata bwana yule alikuja kumwomba radhi, kofia mkononi, uso umeiva. Sote tulingoja amkumbatie, kwa kuwa tulizoea kumwona akikumbatia watu.

"Nimesikia," Maman alimwambia. "Lakini bado."

"Bado nini, madame?"

"Bado haijatoka. Rudia siku ingine."

Alirudi mwaka uliofuata. Akaambiwa bado. Alirudi tena, na safari hiyo Maman alimshika mkono akauweka kati ya mikono yake miwili, akamwambia sasa ndiyo, imetoka. Nilipomlaumu kwa kumsumbua mtu wa watu, alinishangaa. "Ningesema ndiyo pale mwanzo, ningemudanganya. Unapenda nidanganye muntu mbele ya Mungu?"

Na siku ile ya damu siwezi kuiacha. Ilikuwa Jumamosi mchana, mechi na wageni kutoka mji wa pwani. Wachezaji wawili waligongana mbele ya goli la Maman, wakaanguka pamoja, na chuma cha kiatu cha mmoja kikampata mwenzake, msichana wa timu ngeni, ndani ya paja. Barafu ikawa nyekundu kwa haraka isiyoaminika. Wengine waliganda. Hata mimi niuzaye dawa nilisimama mdomo wazi. Maman alikuwa tayari ametupa glavu na kofia, amepiga magoti, mikono yake yote miwili imezama pale damu ilipotoka, uzito wake wote uko juu yake.

"Tazama mimi," alimwambia msichana kwa Kifaransa. "Usitazame chini. Jina lako nani? Mama yako anapika nini Jumapili?"

Msichana akawa anamjibu, sauti inapungua. Maman hakuacha kumuuliza. Samaki gani? Anaweka limau? Na viazi? Mpaka wauguzi wa gari la wagonjwa walipofika, hakuondoa mikono, na walipomwambia aondoe, ilibidi wamwambie mara ya pili. Daktari alisema baadaye kwamba ile mikono ndiyo iliyomwokoa. Maman alinawa, akakaa kwenye benchi bila kuvua pedi zile kubwa. Nilikaa naye. Alisema jambo moja tu: "Kule kwetu kuna moja sikuweza kumuokoa." Sikumuuliza ni nani.

Kisha ukaja wakati wa umeme kupanda bei. Mashine za kugandisha zilikuwa za kizamani, zilikula umeme kama moto ulavyo nyasi kavu, na halmashauri ya mtaa ilianza kusema kwamba ukumbi unatumiwa na wachache. Kulikuwa na mpango wa kuuvunja na kujenga nyumba za kupangisha, kwa ajili ya hawa watumishi wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Kikao cha wakazi kiliitishwa. Wengi walizungumza kwa ukali. Maman alingoja zamu yake, akasimama, skafu zake zote shingoni.

"Monsieur le diwani," alisema, na Kiswahili kilimtoka chenyewe bila yeye kujua, kwa kuwa alikuwa na wasiwasi. "Bon. Mimi sijui kuongea kama hawa. Donc ninakuomba kitu moja. Njoo Jumamosi. Simama ndani ya goli. Kidogo tu. Kisha ukavunje."

Aliyasema kwanza kwa Kiswahili, kwa papara, kisha akajishtukia na kuyarudia kwa Kifaransa. Watu wakacheka. Diwani, mtu wa makamo mwenye miwani, akacheka pia, na kwa kuwa amecheka mbele za watu ikambidi akubali.

Alikuja kweli. Walimvalisha viatu na pedi, wakamsukuma mpaka golini kama kabati. Maman alisimama ubavuni kwake, bega kwa bega. Wasichana walipiga taratibu, kwa adabu. Ya kwanza ilipita. Ya pili alianguka kabla haijafika. Maman alimnyanyua kwa kwapa.

"Kusimama njo kazi, monsieur. Tazama palet, usitazame muntu."

Ya tatu ilimgonga kifuani, ikaanguka miguuni pake. Alibaki akiitazama. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na yule mtu akainua uso wake akatazama juu, paa, viti, watu, kama mtu ambaye ndiyo kwanza ameingia. Sitasema kwamba siku ile iliamua mambo. Yalifuata mabishano marefu, na ukumbi ulifungwa majira mawili ya baridi wakati wanabishana. Timu ilitawanyika. Wasichana wengine walihamia timu za miji mingine na hawakurudi. Na Maman, aliyekuwa ameshastaafu kule kwa wazee, alinyamaza. Jikoni kwake habari ziliisha. Magoti yake, ambayo yalikuwa yakimtii kwa ajili ya barafu tu, yaliacha kumtii. Daktari alimwambia hatasimama golini tena, naye Maman akaniletea habari hizo mlangoni kwangu kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Nilimkuta siku nyingine Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye saluni ya rafiki yake, amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele ingawa nywele zake zilikuwa kavu. Alisema anaota joto. Niliogopa kwa ajili yake.

Mwishowe halmashauri iliamua: jengo libaki, mashine zibadilishwe.

Mwaka jana, mwanzoni mwa vuli, alinigongea mlango asubuhi. Amevaa mabuti ya mpira. "Kigoma, tuende."

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, mafundi wanaingia na kutoka. Katikati hapakuwa na barafu. Palikuwa na saruji tupu, pana, ya kijivu, imeshapozwa na mashine mpya mpaka ikawa na unga mweupe juu yake kama ukungu wa kioo. Nilidhani barafu huwekwa kwa kumwaga maji tu, yagande. Fundi mkuu alinieleza kwamba ukifanya hivyo inapasuka. Lazima inyunyizwe nyembamba kama pumzi, ingoje igande, kisha inyunyizwe tena, na tena, siku kadhaa, mpaka iweze kumbeba mtu.

Walikuwa wamemwomba Maman aanze yeye.

Akapewa mpira wa maji wenye kichwa cha matundu madogo. Akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, pale goli lake lilipokuwa, akafungua maji, akaanza kurudi kinyumenyume, polepole kwa ajili ya magoti, akiyapeleka maji kushoto na kulia. Yalipoigusa saruji yalitoa mvuke. Mvuke ulipanda ukamfunika mpaka kiunoni, mpaka mabegani, na kuna wakati nilikuwa nasikia tu mabuti yake na wimbo wa chinichini anaoimba. Mafundi walikuwa wameacha kazi zao. Fundi mkuu alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

Alipotufikia, uso wake ulikuwa umelowa na nyusi zake nyeupe. Nyuma yake sakafu nzima iling'aa, ngozi nyembamba isiyozidi karatasi, ungeweza kuiona saruji chini yake.

"Maman," nilisema, "umemaliza?"

Aligeuka, akaitazama ile sakafu.

"Kumaliza wapi?" alisema. "Hii ni ya kwanza." Akavuta mpira begani, akaanza kutembea tena kuelekea kule mwisho.